Ngoma Tatu za Baba Yako Mdogo

Tekla mwanangu,

Sanduku lako limefungwa kamba, nguo zimepigwa pasi, na chakula cha njiani kiko ndani ya kikapu juu ya meza. Wewe mwenyewe umekwenda kuaga kwa shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachia kabla hajakulisha mara mbili. Kwa hiyo ninayo alasiri nzima. Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala za chandarua, maana hayo walikufundisha chuoni vizuri kuliko ninavyoweza mimi. Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilolisema juzi mbele ya wageni, na kwa sababu ya swali uliloniuliza jana, nikajifanya nimeshughulika na unga.

Neno lenyewe ni hili. Wageni walikupongeza kwamba unakwenda kufundisha Malinyi, na kwamba wazee wa huko wamekuomba uwafungulie vijana nyumba ya muziki. Mmoja akasema, "Kama ile ya mama yako hapa Kibaoni." Wewe ukajibu, "Ya mama ilikufa kwa sababu watu wa hapa hawajali. Mama alihangaika bure." Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe. Nilipita nalo kama sikusikia.

Na swali lako ni hili. Ulikwenda kwa baba yako mdogo Kasiani kumwomba zile ngoma zake tatu uende nazo Malinyi, kwa maana huna chombo kingine cha kuanzia. Akakuambia, "Kamuulize mama yako." Ukaja kuniuliza ana maana gani. Nikakuambia nina kazi.

Si kweli kwamba watu wa hapa hawajali, Tekla. Maneno hayo uliyapata kwangu. Nilikuandikia hivyo ulipokuwa shule ya bweni, katika barua yenye mwandiko mzuri sana, na wewe ukaamini kwa sababu hukuwapo. Sasa nataka uwepo.

Unajua nilivyoanza. Mimi nililelewa shule ya misheni tangu nikiwa na miaka minane, na kila jambo jema nililolijua lilikuwa na chumba chake, saa yake na kengele yake. Niliporudi hapa, nikaolewa, nikakuzaa, niliwaona vijana wa Kibaoni kila Jumamosi wamesimama kwenye baraza za maduka, hawanunui kitu wala hawaendi popote. Nikasema moyoni: hawa wana sauti, ila hawana mahali. Hilo sikukosea. Hata leo nasema hilo sikukosea, na nikikuambia kwamba yote yalikuwa makosa nitakuwa nakudanganya kwa mara ya pili.

Baba yako alifyatua matofali miezi miwili. Alitengeneza mabenchi, akalalamika kila benchi, na kila benchi likatoka imara. Misheni walinipa kinanda cha kukanyaga ambacho walikuwa hawakitaki tena. Vibonye viwili vilikuwa vimekufa, nikazitungia nyimbo njia ya kuvikwepa. Na baba yako mdogo Kasiani, mume wa mdogo wangu Fides, akaniazima ngoma tatu alizochonga marehemu baba yake kwa mti wa mvule. Hakuwahi kumwazima mtu ngoma zile. Alizileta mwenyewe, akaniambia, "Shemeji, hizi hazipendi kukaa kimya. Zikikosa watu wa kuzipiga, nirudishie." Nikacheka, nikamwambia watu watakuwa wengi hata atashindwa kuziona ngoma.

Na kweli walikuwa wengi. Ilikuwa mwezi wa nane, mpunga umeshavunwa, watu wana nafasi. Watoto walikaa mpaka madirishani. Nilibandika mlangoni ratiba niliyoiandika kwa rula: Jumamosi saa nane wavulana na ngoma, saa tisa wasichana na nyimbo, saa kumi wote pamoja. Nilikuwa na daftari la mahudhurio. Ungeniona nikiita majina, ungedhani nimepewa ufalme. Na wasichana, Tekla. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Binti wa mama yako mdogo, Emeliana, ambaye mbele za watu alikuwa haongei ila kwa kutikisa kidevu, alisimama akaongoza wavulana wakubwa katika wimbo, nao wakamfuata. Mahali pengine popote wangemcheka.

Baada ya Krismasi wakaanza kupungua. Mwezi wa pili walibaki kumi. Mwezi wa nne walikuja watatu, na mmoja wao alikuja kwa sababu alikuwa na jeraha mguuni hawezi kwenda shamba.

Hapa ndipo nilipaswa kuelewa. Mimi ni mtoto wa bonde hili. Najua kama ajuavyo kila mtu kwamba mvua zikiingia, nusu ya Ifakara huhamia mashambani, na kwamba mpunga ukianza kushika maziwa, kazi ya watoto ni kupanda dunguni, juu ya kile kichanja cha miti katikati ya shamba, alfajiri na kuamia ndege mpaka jua lizame. Lakini miaka ile wenzangu walipokuwa wakikulia madunguni, mimi nilikuwa bwenini nasikiliza kengele. Nililijua dungu kama mtu anavyoijua nyumba ya jirani, kwa nje. Nikatazama daftari langu, nikaona utoro.

Nilikwenda kwa jumbe nikamwomba aagize kila nyumba ilete mtoto mmoja kila Jumamosi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama Tekla, mimi naagiza kodi, na hiyo yenyewe inanishinda. Nyimbo siagizi." Watu waliokuwapo wakacheka. Nikatoka pale nimeudhika, na nilikuwa nimeanza kuwa mtu wa kuudhika kila siku. Baba yako alinionya. Alisema, "Watoto hawajakukimbia. Wamekwenda kazini." Nikamwambia yeye ashughulike na mabenchi.

Ndipo ikaja habari kwamba mgeni mkubwa wa serikali atapita Ifakara, na kwamba atatembelea nyumba yetu. Niliambiwa akipendezwa huenda tukapata bati na mwalimu. Tekla, nilikuwa sina wanakwaya. Nilikuwa na nyumba, kinanda na daftari.

Nikachukua daftari, nikatoka alfajiri, nikavuka kwa kivuko kwenda shambani kwa mama yako mdogo Fides kuwachukua wanawe, Oswini na Emeliana. Oswini ndiye aliyekuwa mpigaji wangu wa ngoma kubwa, na bila Emeliana wasichana hawakuwa na wa kuwaongoza. Maji yalikuwa yananifika magotini njiani. Nilipokaribia, kabla sijaona mtu, nikasikia wimbo. Mtoto mmoja aliuanzisha juu ya dungu lake, akapiga debe mara tatu. Dungu la pili likaitikia. La tatu likauchukua likaupeleka mbele, mpaka ukapotea upande wa mtoni, kisha ukarudi umebadilika maneno. Walikuwa wanamsema mtu fulani aliyesinzia zamuni kwake mpaka ndege wakamnyea kofia. Kila dungu liliongeza ubeti wake. Madebe yalikuwa yamefungwa kamba ndefu juu ya shamba, na kila walipovuta, yalilia kwa zamu, kwa mpango, hakuna aliyeingilia zamu ya mwenzake. Watoto wale walikuwa wamekaa mbalimbali, wengine hawaonani, na hawakupotea hata mara moja.

Unajua nilifanya nini? Nilisimama ndani ya maji nikaandika majina ya sauti nilizozitambua, ili nijue watoro wangu wako wapi.

Nikaita chini ya dungu. Oswini akachungulia.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Mbona huji mazoezini?"

"Ndege, mama mkubwa."

"Ndege wamekuzidi akili?"

"Akili hapana. Wamenizidi wingi."

Emeliana alicheka nyuma yake, kisha akaziba mdomo. Nikawaambia washuke. Mama yao akaja kutoka kibandani, mikono ina tope, akanisalimu, kisha akaniuliza nataka watoto kwa siku ngapi. Nikamwambia siku mbili. Akatazama shamba.

"Dada," akasema, "mpunga una maziwa. Siku mbili ni nyingi sana kwa sasa. Subiri wiki tatu, nitakupa hata mimi mwenyewe niimbe."

"Mgeni hasubiri wiki tatu."

"Na ndege je?"

Nikamwambia asihofu, nitamleta baba yako akae dunguni siku zote mbili. Niliahidi, Tekla. Nilimtazama mdogo wangu usoni nikasema, "Kesho alfajiri atakuwa hapa." Naye, kwa kuwa mimi ndimi niliyemlea tangu mama yetu alipofariki, hakunibishia. Aliwafungia watoto chakula, akapanda dunguni yeye mwenyewe mpaka jioni.

Kesho yake kuta za nyumba zilionekana chafu. Mgeni angeona madoa ya mvua. Baba yako alikuwa ameshachukua fimbo yake aende shambani. Nikamwambia abaki apake chokaa kwanza, ataenda mchana. Mchana nikamwambia kuna benchi limelegea. Siku ya pili mgeni hakufika, maji ya mto yalikuwa yamepanda na kivuko kilisimama, nami nikawabakiza watoto siku ya tatu. Kivuko kiliposimama hakuna aliyeweza kuvuka hata kama ningemtuma. Hicho ndicho nilichojiambia. Lakini siku ya kwanza kivuko kilikuwa kinavuka vizuri.

Mgeni alifika siku ya tatu, saa tisa. Alisikiliza wimbo mmoja na nusu. Alisema watoto wanaimba vizuri na kuta ni safi sana. Alisema ataandika. Kama aliandika sijui.

Kasiani alikuwa safarini, na Fides alikuwa peke yake shambani siku zote hizo, ana dungu moja na mikono miwili, na mtoto mchanga mgongoni. Siku ya pili kundi lilishuka. Hujaliona kundi la kwelea likishuka, na sikutakii. Nilipokwenda kuwarudisha watoto, mpunga ulikuwa umesimama vizuri, wa kijani, nikadhani hakuna kilichotokea. Nikasema, "Mbona uko salama?" Akakata suke moja akanipa. Lilikuwa jepesi kama unyoya. Akasema, "Suke lenye kitu huinama, Dada. Haya yote yamesimama wima."

Hapo ningekiri kosa langu, ningekuwa mtu. Badala yake nikamwambia ndege ni kazi ya Mungu.

Siku chache baadaye baba yako mdogo alikuja kuzichukua ngoma. Alikuja mchana kweupe, si kwa hasira. Alibeba moja begani akaipeleka kwake, akarudi kuchukua ya pili, akarudi kuchukua ya tatu. Mara tatu alipita mbele ya maduka yote ya Kibaoni, na kila mtu aliona. Ningemsaidia kubeba, lakini sikujua niseme nini njiani.

Oswini alikuwa darasa la nne. Mwaka ule hapakuwa na mpunga wa kuuza, hata wa kula ulikuwa wa kuombaomba, akaondolewa shule akaenda mtoni kuvua na mjomba wake. Mpaka leo anavua. Wewe humwita mvuvi hodari, na ni kweli ni hodari. Lakini hakuuchagua uvuvi, mwanangu. Mimi ndiye niliyemchagulia, kwa ndoo moja ya chokaa.

Watoto hawakurudi tena kwenye nyumba ya muziki, hata mavuno yalipokwisha. Wazazi hawakuwakataza. Hakuna aliyenisema. Walikuwa wananisalimu vizuri, wananiuliza habari za kwako. Nyumba ikakaa miezi, kisha mfanyabiashara wa pamba akaomba kuweka magunia yake, nami nikakubali. Nikakaa nikakuandikia kwamba watu hawajali. Ilikuwa rahisi zaidi kuliko kuandika haya.

Sasa nakuona umechora ramani ya nyumba yako ya Malinyi kwenye karatasi ya daftari. Umeweka madirisha sita. Umeweka mahali pa ratiba mlangoni. Nilipoiona jana, moyo uliniuma kama niliyejikata, kwa sababu ni nyumba yangu ileile. Sikuambii usijenge. Kijana anataka mahali, na binti anataka mahali zaidi. Ninachojua ni kwamba mimi nilijenga kabla sijauliza mwaka wa watu unakwendaje, na kwamba nilikuta kwaya imeshaanza, nikaivunja ili nianzishe kwaya. Malinyi nako wanalima mpunga. Nako kuna madungu. Utakapofika sasa, mwezi wa kwanza, watakukubalia kila kitu, kwa sababu watu wetu hawapendi kumkatisha mgeni tamaa. Usiamini sana kukubaliwa huko. Ngoja uone mwezi wa nne wako wapi.

Nilipomaliza kuirudisha ramani yako ndani ya sanduku, mahali ilipokuwa, nilijua sina budi kwenda kwa Fides. Nimekwenda leo baada ya misa. Misimu minne ya mpunga imepita, tunaombana chumvi, tunaazimana kinu, tumezika pamoja, na neno lile hatujawahi kulisema. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka anachambua mchele.

"Fides," nikasema, "nimekuja kwa sababu ya mpunga."

"Mpunga upi?"

"Unajua upi."

Akaendelea kutoa mawe. "Huo umechelewa, Dada. Ulishaliwa."

Nikakaa chini. Nikamwambia nilimwahidi mtu wa kukaa dunguni, kisha sikumleta, na kwamba haikuwa kivuko, nilimbakiza apake chokaa. Nililisema lote, hata lile la benchi. Nilitegemea alie au anifukuze. Aliokota jiwe akalitupa uani.

"Nilijua," akasema. "Shemeji aliniambia wiki ile ile. Alikuja na debe la mahindi, akaniambia mwenyewe, akaomba radhi."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Tekla, sikujua nimkasirikie nani. Baba yako amelala nami kitanda kimoja miaka minne akijua kwamba wanajua, akanitazama nikisema "kivuko, kivuko" kwa kila mtu. Nimemuuliza niliporudi. Ameniambia, "Ulisema nishughulike na mabenchi."

Basi, nikiwa pale, Kasiani akaingia. Nikasalimu, nikaona nimekwisha kutubu, sasa ni wakati wa kuomba. Nikamwomba ngoma kwa ajili yako. Nikamwambia wewe si mimi, wewe umesoma zaidi, wewe una moyo mwepesi kwa watu. Akanisikiliza.

"Shemeji, huyo mtoto anakwenda kuwaita watoto wa Malinyi watoke wapi?"

Sikuelewa. Akauliza tena, taratibu, kama anayemuuliza mwanafunzi. "Watakapokuja kwake, watakuwa wametoka wapi? Wameacha nini?"

Nikasema sijui.

"Na yeye anajua?"

Nikasema hajui bado.

"Basi aende mikono mitupu. Mwezi wa nne aombe nafasi kwenye dungu la watu, akae na watoto. Mpunga ukishaingia ghalani aje mwenyewe, tuzungumze. Mimi sijasema sitampa."

Nilimbembeleza. Nilimwambia lori linaondoka kesho, kwamba mwalimu akifika mahali bila chombo hupuuzwa, kwamba makosa yangu asiyahesabu kwako. Akasema hahesabu kitu. Fides naye, ambaye nilidhani sasa yuko upande wangu, akasema, "Dada, mwache shemeji yako, ngoma ni zake." Nikatoka pale nimekasirika kama siku ile ya jumbe. Nimeomba radhi baada ya miaka minne, na nimerudi mikono mitupu. Nakuandikia na hasira ile bado ninayo. Sijawa mtu mwema kwa asubuhi moja.

Kwa hiyo hilo ndilo jibu la swali lako la jana: kesho unakwenda bila ngoma, na sababu ni mimi. Unaweza kunikasirikia; nimekuachia nafasi, ndiyo maana nimeandika badala ya kusema, usije ukalazimika kuniambia "si kitu, mama" ukiwa umesimama mbele yangu.

Lakini nilipokuwa njiani kurudi, nikiwa bado nasonya, Fides alinikimbilia mpaka penye kisima. Nilidhani analeta ngoma moja, hata ile ndogo. Alikuwa hana kitu. Akaniambia shamba la mwaka huu liko palepale, Emeliana ameolewa, Oswini yuko mtoni, na dungu halijapata mtu. Akasema, "Wewe hujawahi kupanda, Dada. Ngazi yake ni mbovu." Kisha akageuka akarudi kwake, hakungoja jibu.

Nimemwambia baba yako kwamba mwezi wa nne na wa tano atajipikia mwenyewe. Ameuliza kama kuna mgeni wa serikali anakuja.

Ukiniandikia miezi hiyo, usipeleke barua hapa Kibaoni. Mpe dereva wa lori, amwambie mtu wa kivukoni ni ya Mama Tekla aliye shambani kwa Fides, dungu la kwanza ukishavuka mfereji. Niambie unakaa kwenye dungu la nani, na watoto wa huko wanaimba nini. Usinililie kama sitajibu upesi. Nitaisoma jua likishazama, kwa maana mchana macho yangu hayatakuwa yangu.

Mama yako